Skrini mbili kwenye kompyuta moja: waya gani, adapta gani?

Chumbageni_Nyaraka

Wakuu, habari za jioni. Kuna meza ya kuandalia nyaraka za mizigo hapa Tanga mjini, inatakiwa kompyuta moja iwe na skrini mbili: upande huu ankara na hati za meli, upande wa pili fomu inayojazwa. Vilivyopo ni hivi.

Kompyuta ni Dell OptiPlex 9020, ule umbo mwembamba (SFF), Windows 10. Nyuma ina VGA moja na DisplayPort mbili. HDMI haina kabisa.

Skrini ya kwanza ni Dell P2214H, ina VGA, DVI na DisplayPort. Ya pili ni HP ya inchi 22, ina VGA na HDMI basi. Zote ni 1920 kwa 1080.

Kuna na laptopu yenye HDMI moja na USB-C moja. Siku nyingine itakaa yenyewe mahali pa hiyo OptiPlex, skrini zikiwa zilezile.

Vilivyokwisha kujaribiwa:

Waya wenye kichwa cha DisplayPort huku na HDMI kule. Ulichomekwa HDMI ya laptopu, ukaenda DisplayPort ya Dell. Skrini inaandika "No Signal" kisha inalala.

Splita ya HDMI, moja kuingia mbili kutoka. HP kwa waya wa HDMI, Dell kwa waya wa HDMI kwenda DVI. Picha zinakuja zote mbili, ila ni picha moja ileile. Ukibonyeza Windows + P ukachagua Extend, splita haijali.

Sasa hivi kinachofanya kazi ni VGA moja tu.

Swali: ninunue nini, urefu gani, ili isiwe safari ya tatu? Ngamiani adapta za HDMI kwenda VGA zimejaa, lakini vitu vya DisplayPort vingi ni kuagiza Kariakoo na kwenda kupokea mzigo stendi ya Kange. Ukikosea, siku mbili zimekwenda.

---

poti_na_pini

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Huo waya ulioutupa pembeni ndio utakaoendesha HP yako. Ulichomekwa kinyume tu.

Waya wa DisplayPort kwenda HDMI una upande wa kutoa na upande wa kupokea, kama valvu ya pampu ya maji isiyoruhusu maji kurudi. Kichwa cha DisplayPort lazima kiwe kwenye kompyuta, kichwa cha HDMI kiwe kwenye skrini. Ukigeuza, hakuna kinachoungua, lakini picha haitoki hata ukae mpaka kesho.

Sababu yake ni hii. Poti nyingi za DisplayPort za kompyuta zina uwezo wa pili: zikihisi kwamba waya uliochomekwa ni wa HDMI au DVI, zinaacha lugha ya DisplayPort na kuanza kutoa signali ya HDMI zenyewe. Uwezo huo unaandikwa DP++, alama ya D na P na vijumlisha viwili pembeni. Ndani ya waya wako kuna sakiti ndogo ya kurekebisha volti tu, hakuna kinachotafsiri. Kazi yote inafanywa na kompyuta. Sasa HDMI ya laptopu haijui DisplayPort hata neno moja, na skrini ya Dell kwenye poti yake ya DisplayPort haijui HDMI. Ukiwaunganisha hao wawili kwa waya usio na mkalimani, ni bubu na kiziwi.

Kwa hiyo kwa OptiPlex fanya hivi:

1. Zima kompyuta na skrini zote mbili.
2. DisplayPort ya kwanza → waya wa DisplayPort pande zote → DisplayPort ya Dell P2214H. Huu ndio waya pekee unaotakiwa kununua.
3. DisplayPort ya pili → ule waya wako → HDMI ya HP.
4. VGA chomoa kabisa, usiiache ikining'inia "kwa dharura". Ikibaki imechomekwa kwenye HP pamoja na HDMI, Windows inaweza kuihesabu kama skrini ya tatu, halafu utaanza kutafuta kipanya kilichopotelea kwenye skrini usiyoiona.
5. Washa skrini, kwenye menyu ya kila moja chagua poti unayotumia badala ya kuiachia ijitafutie. Kisha washa kompyuta.
6. Windows + P, chagua Extend. Halafu bofya kitufe cha kulia juu ya eneo tupu la skrini, ingia Display settings, bonyeza Identify. Utaona 1 na 2 kubwa kwenye vioo. Buruta vile visanduku vikae kama skrini zilivyokaa mezani, na kingo za juu ziwe sawa, la sivyo kipanya kitakwama kikivuka.

Kwa 1920 kwa 1080 kwenye 60 Hz (picha mara 60 kwa sekunde) huna haja ya waya wa bei mbaya. Picha hiyo inahitaji kasi ya 148.5 MHz, na hata zile adapta za DP++ za kizazi cha kwanza zinafika 165 MHz. Mtu mwenye skrini ya 2560 kwa 1440 ndiye atakayeumia: hiyo kwenye 60 Hz inataka kama 241 MHz, na adapta ya kizazi cha kwanza itaishia kukupa picha ndogo au 30 Hz. Kwako wewe hapana shida.

Kuhusu splita, rudisha kama wanapokea. Haijaharibika. Splita inaisomea kompyuta taarifa za skrini moja tu, hivyo Windows inaona skrini moja, na Extend inahitaji kuona mbili. Kazi yake ni televisheni mbili za baa zionyeshe mpira mmoja. Kila mwezi kuna mtu anauziwa splita kwa ajili ya skrini mbili, na muuzaji anamwambia "itafanya tu". Hiyo ni mbuzi kwenye gunia.

---

Sahare_kwa_Chini

Fundi kasema kweli, naongeza tahadhari moja kwenye huo waya wa DisplayPort utakaoagiza. Ni ndogo lakini inatesa watu.

Kichwa cha DisplayPort kina pini 20. Pini ya 20 ni ya umeme wa 3.3 V, imewekwa kwa ajili ya kulisha adapta. Kwenye waya wa DisplayPort pande zote mbili, pini hiyo haitakiwi kuunganishwa huku na huku. Waya za bei ya chini zinaiunganisha. Matokeo yake skrini inarudisha umeme kwenye kompyuta, na dalili zake ni za ajabu: kompyuta imezimwa lakini kuna taa inabaki inawaka, au inagoma kuwaka mpaka uchomoe skrini, au inawaka baada ya kubonyeza mara tatu. Watu wanabadilisha RAM, wanabadilisha pawasaplai, kumbe ni waya.

Kupima ni rahisi kama una mita ya umeme (multimeter). Iweke kwenye mlio. Ukishika kichwa tundu likikutazama, upande mpana juu na kona iliyokatwa chini, pini zimepangwa safu mbili, 10 na 10, na ya 20 iko mwisho wa safu moja. Kwa sindano nyembamba gusa ya 20 huku na ya 20 kule. Ikilia, waya huo usiutumie. Asiye na mita achukue waya unaokuja ndani ya boksi la skrini yenyewe. Maduka yanayouza skrini za mtumba mara nyingi wanazo zimejaa kwenye ndoo, na zile ni nzuri kuliko mpya isiyo na jina.

Na usiuvute kwa nguvu wakati wa kuchomoa. Vichwa vingi vya DisplayPort vina kulabu mbili ndogo. Kuna kitufe cha kubonyeza juu ya kichwa. Nyuma ya P2214H poti zinatazama chini, kwa hiyo hukioni hicho kitufe, unakipapasa kwa kidole. Mtu asiyejua anavuta mpaka poti inang'oka kwenye bodi.

---

bi_Ngamiani

Naomba kuuliza hapo hapo. Kwa nini msimwambie atumie VGA kwa HP na DisplayPort kwa Dell? OptiPlex ina VGA, HP ina VGA, waya upo tayari na hanunui adapta yoyote.

---

poti_na_pini

Dada, inafanya kazi, na kama waya wa DP kwenda HDMI usingekuwepo ningemwambia hivyohivyo. Ila kwa mtu anayesoma tarakimu ndogo kutwa nzima, tofauti anaiona machoni.

VGA ni analogi, imetoka na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987. Kompyuta inageuza picha ya dijitali kuwa mawimbi ya umeme, waya unayabeba, skrini inayageuza tena kuwa dijitali. Kila kugeuza kunapoteza kidogo, na skrini lazima ikisie pikseli inaanzia wapi. Ikikosea kidogo, herufi zinakuwa na kivuli upande wa kulia, 8 inafanana na 3. Weka Dell kwenye DisplayPort na HP kwenye VGA pembeni yake, fungua jedwali lilelile, utaona moja kama imepakwa mafuta.

Mwenye kulazimika kutumia VGA afanye hivi: afungue ukurasa wenye maandishi mengi au mistari myembamba nyeusi na nyeupe ijaze skrini yote, kisha abonyeze Auto Adjust kwenye skrini. Watu wanabonyeza Auto wakiwa kwenye picha ya ukutani (wallpaper) yenye giza pembeni, skrini inashindwa kuona kingo ziko wapi, inakisia vibaya. Baada ya hapo kuna kipimo kinaitwa Phase au Fine kwenye menyu. Kisogeze taratibu mpaka herufi zitulie.

Na waya wenyewe ukague. Kichwa cha VGA kina nafasi 15. Pini ya 9, ya safu ya katikati, kwenye waya nyingi haipo, hiyo ni kawaida, usidhani imevunjika. Lakini ya 12 na ya 15 zikikosekana au zikipinda, kompyuta haiwezi kusoma jina la skrini. Windows itaandika "Generic Non-PnP Monitor" na itakunyima 1920 kwa 1080, utabaki na 1024 kwa 768 iliyotanuka. Hapo watu wanahangaika na draiva siku nzima. Tazama pini kwanza.

---

bi_Ngamiani

Ahsante fundi. Hilo la Auto Adjust kwenye picha ya ukutani linaeleza mengi.

---

Raskazone_Pwani

Kwa vile ametaja adapta za HDMI kwenda VGA, hizi nazo zinahitaji maneno. Asizidharau lakini azijue.

HDMI kwenda VGA si waya mtupu. Ndani lazima kuwe na chipu ya kugeuza dijitali kuwa analogi, na chipu hiyo inakula umeme. Inautoa pini ya 18 ya HDMI, ambayo ni 5 V, na kiwango ambacho kompyuta inalazimika kutoa ni milliampea 55 tu. Kompyuta nyingine zinatoa zaidi, nyingine zinashikilia hapo hapo. Ndiyo maana adapta moja inafanya kazi vizuri kwenye laptopu hii, na kwenye ile inawaka dakika tano, skrini inapepesa, inazima, inarudi. Iguse: ikiwa ya moto sana na picha inakatika, chipu ina njaa ya umeme. Nunua yenye kitundu kidogo cha USB pembeni ili uilishe kutoka chaja ya simu. Kitundu cha duara cha milimita 3.5 ni cha sauti, si cha umeme, msije mkachanganya.

Na hakuna adapta ya aina hiyo inayokwenda pande mbili. VGA kwenda HDMI ni kifaa kingine kabisa, hata kama vichwa vinafanana kwa dume na jike.

Halafu jambo la pwani. Hewa yetu ina chumvi. Vichwa vyenye rangi ya fedha visivyopakwa dhahabu vinaanza kuota ukungu wa kijani au madoa meupe, hasa ofisi ya madirisha wazi inayotazama bahari. Dalili ni picha inayorudi ukitikisa waya, au rangi moja kupotea kwenye VGA. Nyekundu ikikatika, skrini yote inakuwa na rangi ya bahari. Zima kila kitu, chukua alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mswaki laini mkavu, sugua, acha ikauke dakika kumi. Spiriti ya rangi ya buluu au zambarau inaacha mabaki. WD-40 ya kawaida nayo inaacha mafuta yanayokusanya vumbi. Poti usiyoitumia izibe, hata kwa kipande cha karatasi ya gundi. Mende wadogo wanapenda VGA kuliko watu.

---

Chumbageni_Nyaraka

Shukrani sana wakuu. Nimejaribu waya ule kama poti_na_pini alivyosema: DisplayPort kwenye OptiPlex, HDMI kwenye HP. Imewaka papo hapo! Dell nimeiacha kwa VGA mpaka waya ufike Kange.

Mambo mawili yamebaki. Kwanza, HP imekata kingo: menyu ya Start nusu yake iko nje ya kioo. Pili, nyeusi yake si nyeusi, ni kijivu, kama imepauka. Kwa VGA haikuwa hivyo.

Na suala la laptopu bado.

---

poti_na_pini

Yote mawili yanatoka mahali pamoja. HDMI ilizaliwa kwa ajili ya televisheni, na 1920 kwa 1080 ni kipimo cha televisheni, basi vifaa vinadhani wewe unatazama taarifa ya habari.

Kingo kukatwa: televisheni zilizoea kukuza picha kidogo ili zifiche kingo. Ingia menyu ya HP, upande wa Image au Image Control, tafuta Overscan, izime. Skrini nyingine zinaita Custom Scaling, au 1:1. Ukimaliza kwenye skrini ndipo uende kwenye paneli ya Intel, usianzie huko; ukipunguza picha kwa programu huku skrini inaikuza, unapata herufi za mawingu.

Nyeusi kupauka: kompyuta inatuma rangi za televisheni, kuanzia 16 mpaka 235, wakati skrini inasubiri 0 mpaka 255. Fungua paneli ya grafiki ya Intel, kwenye Display chagua ile HP, tafuta Quantization Range, weka Full. Nyeusi itashuka hapo hapo ukiwa unaangalia. Ikiwa skrini yenyewe nayo ina kipengele cha aina hiyo, kinaitwa HDMI Range au Black Level, hakikisha kinasema sawa na kompyuta. Mmoja akisema Full na mwingine Limited, ama unapauka ama vivuli vyote vinazama.

Ukipata waya wa DisplayPort kwa Dell, haya hutayaona upande ule.

---

Mikanjuni_B

Nije kwenye laptopu, maana hapo ndipo pesa huwa inapotea.

Hatua ya kwanza usiende dukani, tazama hiyo USB-C pembeni yake. Ukiona alama ya D na P, au alama ya radi ya Thunderbolt, inatoa picha. Ukiona alama ya USB tu, au betri, au hakuna alama, usihukumu: tafuta namba kamili ya modeli chini ya laptopu, ingia tovuti ya mtengenezaji, soma maelezo ya poti. Unatafuta maneno "DisplayPort" kwenye mstari wa USB-C. Kama mstari unasema data au kuchaji peke yake, adapta yoyote ya USB-C kwenda HDMI, ya bei yoyote, haitatoa kitu. Si ubovu wa adapta. Njia ya picha haikuvutwa kwenye bodi tangu kiwandani.

Ikiwa inatoa picha, mambo yako mepesi. HDMI ya laptopu → HDMI ya HP, waya wa kawaida. USB-C → waya wa USB-C kwenda DisplayPort → Dell. Umemaliza, na ule waya wa DisplayPort wa OptiPlex hautumiki hapa. Chukua waya mzima, usichukue adapta fupi na waya juu yake. Kila kiungo ni mahali pa kulegea, na kile kichwa kizito kikining'inia kinaipinda poti ya USB-C taratibu.

Utashawishiwa ununue habu (kiboksi cha poti nyingi) ya USB-C yenye HDMI mbili. Sikatai, lakini elewa inavyofanya. Habu ya kweli inatumia MST, yaani njia ya DisplayPort 1.2 na kuendelea ya kupitisha skrini kadhaa kwenye waya mmoja. Kwa skrini mbili za 1920 kwa 1080 inatosha kabisa, hata kama habu inagawana njia na USB 3. Kwa 4K ndiyo utaona 30 Hz na kipanya kinachoruka kama panzi. Kwenye Windows MST inakupa skrini mbili tofauti. Kwenye macOS habu ileile inakupa picha moja mara mbili, maana Apple hawakuiruhusu MST ifanye hivyo. Na MacBook Air ya M1 na ya M2 zenyewe zinaendesha skrini moja tu ya nje, hata ukizipa nyaya kumi.

Ikiwa USB-C haitoi picha, iliyobaki ni adapta ya DisplayLink. Inaingia hata USB ya kawaida ya 3.0. Si kadi ya picha kamili: kompyuta inabana picha kwa prosesa, inaituma kama data, chipu ya adapta inaifungua. Kwa fomu na majedwali inafaa sana. Kwa video utasikia feni. Weka draiva kwanza ndipo uichomeke, na usiiweke kwenye USB 2.0, mara nyingi ile isiyo na buluu ndani.

---

Pongwe_Stesheni

Nina neno la kubishana kidogo. Tuliambiwa miaka yote kwamba skrini zaidi ya moja lazima adapta ziwe aktivu, zenye chipu. Huyu mnamwambia pasivu, isiyo na chipu ya kutafsiri, inatosha. Na kama akitaka ya tatu kwenye VGA?

---

poti_na_pini

Ushauri huo ni wa kweli, ila wa mashine nyingine. Umetoka kwenye kadi za AMD Radeon za HD 5000 na 6000. Zile zilikuwa na vyanzo viwili tu vya mapigo (clock) vya kuendesha VGA, DVI na HDMI, kwa hiyo skrini ya tatu ilipaswa kuwa ya DisplayPort halisi, au kupitia adapta aktivu ambayo kadi inaiona kama DisplayPort. Watu wameubeba ushauri wakasahau ulikuwa wa mashine gani. Intel ya kizazi cha nne iliyo ndani ya 9020 inaendesha skrini 3 kwa pamoja, na DP++ zake mbili hazina shida na adapta pasivu. VGA ikibaki huru, ya tatu inakaa hapo.

Aktivu utaihitaji pale HDMI inapotaka kwenda DisplayPort, yaani ile safari ya kwanza ya mwenye mada. Vifaa hivyo vipo, vina mkia wa USB wa kula umeme, na kwa bei yake bora utumie DVI ya Dell: laptopu HDMI → DVI, waya ulio nao tayari kutoka kwenye ile splita.

---

Sahare_kwa_Chini

Umbali. Hakuna aliyemjibu urefu.

Pima kwa kamba, usikisie. Anzia nyuma ya kompyuta, shuka au panda mpaka ukingo wa meza, pita nyuma ya meza, panda mpaka poti ya skrini, halafu ongeza sentimita 30 za skrini kuzungushwa. Kompyuta ikiwa juu ya meza, mita 1.5 inatosha, ikiwa chini, mita 2. Mita 1 huwa inaonekana nyingi dukani na inaishia hewani. DisplayPort ukivuka mita 3 anza kuchagua waya kwa makini. HDMI ya 1080 inavumilia mpaka mita 10 kama waya ni mnene. VGA baada ya mita 5 vivuli vinaanza. Waya wa ziada usiukunje kwa kona kali, uzungushe duara pana, ufunge kwa kamba laini.

Na umeme. Kompyuta na skrini zote mbili ziwe kwenye UPS moja au ekstensheni moja yenye ethi ya kweli. Ukiwa umegusa bati la kompyuta ukahisi inawasha vidole, ethi haipo. Skrini moja ikiwa kwenye soketi ya ukuta huu na nyingine ya ukuta ule, tofauti ya umeme kati yake inapita kwenye waya wa picha. Kwa VGA utaona mstari mpana ukipanda taratibu kwenye kioo. Kwa HDMI huoni kitu, mpaka siku poti inapokufa wakati wa kuchomeka. Ndiyo maana mkuu hapo juu akasema zima kwanza.

---

Chumbageni_Nyaraka

Overscan ilikuwa kwenye menyu ya HP, imezimwa, kingo zimerudi. Quantization Range Full nayo imekaa, nyeusi ni nyeusi. USB-C ya laptopu ina alama ya D na P, nilikuwa sijawahi hata kuitazama.

Naagiza: waya wa DisplayPort mita 2 mmoja, waya wa USB-C kwenda DisplayPort mita 2 mmoja. Splita inarudi.

Swali la mwisho kabla ya kulipa: Dell ikiwa kwenye DisplayPort, mtu akiizima kwa kitufe akienda kula, kuna shida yoyote?

---

Mikanjuni_B

Ipo, na ni ya DisplayPort. Skrini ikizimwa kwa kitufe, kompyuta inaona kama umechomoa waya. Madirisha yote yaliyokuwa Dell yanahamia HP, na ukiwasha hayarudi yote mahali pake. Mwambieni asizime, abonyeze Windows + L aende zake, skrini italala yenyewe. Ikiwa hata kulala kunayahamisha, tafuta kwenye menyu ya Dell neno kama Deep Sleep au DP Power Saving, uzime. Mkihamia Windows 11, kwenye Display settings sehemu ya Multiple displays kuna kipengele cha kukumbuka mahali pa madirisha kwa kila skrini; kiwasheni.

Mzigo ukifika Kange, fungua kifurushi hapo hapo ukaangalie vichwa kabla hujasaini. USB-C kwenda DisplayPort na USB-C kwenda HDMI zinafanana mno kwenye mfuko wa nailoni: DisplayPort ina kona moja tu iliyokatwa, HDMI ina mbili.